Kupanga ni Kugawa

Katika harusi za Nairobi, keki ina itifaki yake. Mshereheshaji anatangaza kwamba saa imewadia, wapiga picha wanasogea mbele, na maharusi wanashika kisu kimoja kwa mikono miwili. Wakishalishana, keki ndogo ya kwanza inapelekwa kwa wazazi wa bibi harusi, ya pili kwa wazazi wa bwana harusi, nyingine kwa wasimamizi na mchungaji, na kila inapopokelewa vigelegele vinapigwa. Umati uliobaki unangoja trei zinazopitishwa na wasichana wa kuhudumu, kila kipande cha kutafuna mara mbili tu, kimelazwa juu ya karatasi ya shashi. Aliyekaa hema la nyuma huwa ameshajua kwamba trei ikimfikia itakuwa na makombo.

Keki za vijiti, hizi ambazo mjini tunaziita cake pops, zimeivuruga itifaki hiyo. Hazikatwi wala hazipitishwi. Mgeni anainuka mwenyewe, anaizunguka meza, anachagua rangi, anang'oa. Kwa hivyo kazi iliyokuwa ya kisu na trei imemwangukia mpambaji. Urefu wa stendi ndio unaoamua kama mtoto atafikia. Nafasi baina ya kijiti na kijiti ndiyo inayoamua kama mkono wa baba mwenye vidole vinene utapita bila kuangusha jirani. Na mahali meza ilipowekwa ndipo panapoamua kama wa hema la nyuma atapata. Nimepamba meza hizi kwa miaka, kuanzia bustani za Karen na Lavington hadi kumbi za ghorofani katikati ya jiji, na karibu yote niliyojifunza yanarudi hapo. Anayepanga ndiye anayegawa.

Keki za vijiti zenyewe si za kale. Aliyezipa umaarufu ni Angie Dudley, mwokaji wa jimbo la Georgia, Marekani, anayejulikana zaidi kwa jina la Bakerella. Picha zake za mwaka 2008 zilienea haraka, kitabu chake kikatoka 2010, na 2011 Starbucks wakaanza kuziuza kwenye migahawa yao. Mimi nilizijua jikoni kwa shangazi yangu Kawangware, na kilichomvuta shangazi kilikuwa hesabu, wala hakikuwa mtindo. Keki ya harusi hukatwa kilele ili ngazi zilale sawa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, keki inafura haraka, kilele kinatuna na mara nyingine kinapasuka. Vilele hivyo zamani vilikuwa riziki ya watoto wa ploti. Shangazi akaanza kuvifikicha, kuvichanganya na krimu ya siagi kiasi cha kushikana tu, na kuvifinyanga viduara vya gramu 30 au zaidi kidogo. Watoto wa ploti walilalamika wiki nzima.

Hatua moja ya jikoni inamhusu mpambaji moja kwa moja. Viduara vikishagandishwa kidogo kwenye friji, ncha ya kijiti huchovywa kwanza kwenye chokoleti iliyoyeyushwa, ndipo kijiti kinasukumwa hadi nusu ya kiduara. Ile chokoleti ya ncha ndiyo gundi. Kisha kiduara chote kinazamishwa, kinagongwagongwa ukingoni mwa bakuli ili ziada idondoke, na kinasimamishwa kikauke. Mwokaji akiruka gundi hiyo, hakuna stendi itakayomwokoa mpambaji: mgeni atavuta kijiti na kiduara kibaki mezani. Ndiyo maana kabla sijapanga chochote mimi huvuta moja mbele ya mwokaji. Wapo wanaokasirika. Wengi siku hizi wananivutia wenyewe kabla sijaomba.

Kwenye meza za kwanza nilizoziona, keki zilisimamishwa kwenye lile povu gumu jeupe linalokuja na televisheni. Ukipita Luthuli Avenue jioni maduka ya vifaa vya umeme yanapofungwa, utalikuta limerundikwa mlangoni, na hakuna anayekuuliza ukibeba. Linashika kijiti vizuri na halihitaji fundi. Tatizo lake ni wepesi. Keki ya kijiti ni kama mtu aliyejitwika mtungi: uzito wote uko kichwani, na usalama wake wote uko miguuni. Ukichomeka keki 60 kwenye bonge lisilo na uzito, kisha wageni wakaanza kuchukua upande mmoja tu, upande ulio karibu na foleni, bonge zima linainama. Suluhisho la haraka ni kulibandika juu ya kigae kizito cha sakafu na kukifunika kigae kwa kitambaa. Lakini hata likisimama imara, lina aibu nyingine inayojitokeza baada ya robo saa. Kila keki inayong'olewa inaacha tundu, na tundu jeusi kwenye povu jeupe linaonekana kutoka mbali. Meza iliyopendeza saa nane, kufikia saa tisa imejaa majeraha. Mgeni wa mwisho anapofika anaona mabaki, na mtu akiona mabaki anahisi kwamba hakutarajiwa.

Tangu hapo nimekuwa nikitafuta vishikilizi vinavyopendeza hata keki zikiwa nusu zimeliwa. Kilichonishangaza zaidi ni shina la mgomba.

Wapambaji wa Afrika Mashariki wamesimamisha migomba kwenye malango ya harusi tangu zamani, kwa hiyo wazo halikuwa mbali. Kangemi na Dagoretti bado kuna migomba kwenye viwanja vidogo na kando ya vijito, na mgomba ukishatoa mkungu hukatwa tu, kwa sababu hauzai tena. Unaelewana na mwenye shamba, unachagua shina lililonyooka, unakata kipande cha urefu wa mkono, unakipasua katikati kwa urefu ili upande bapa ulale mezani. Ndani ni matabaka yaliyobanana, yenye maji, yanayoshika kijiti bila kukipasua. Uzito wake peke yake unatosha; upepo wa bustani haulitikisi. Na kijiti kikitoka, nyama ya mgomba inajifunga. Keki zikibaki 10 kati ya 50, unachokiona ni gogo la kijani lenye maua 10, wala si meza iliyovamiwa.

Lina masharti yake. Utomvu wa mgomba ukigusa kitambaa cheupe unaacha doa la kahawia lisilotoka, kwa hiyo shina hukatwa siku moja kabla, likasimamishwa lichuruze, likapanguswa, na likalazwa juu ya majani yake yenyewe. Vijiti vya karatasi vinanyonya maji na kulegea, kwa hiyo hapo tunatumia vya mianzi. Na kijiti hakisukumwi kikiwa na keki, maana mkono utabana kiduara na kupasua chokoleti. Tundu linatangulizwa kwa kijiti cha mishikaki, ndipo keki inafuata kwa upole.

Kwenye harusi moja ya Karen nilisimama kando ya gogo kama hilo wakati bibi yake bibi harusi alipoletwa mezani na wajukuu wawili. Alilitazama muda, akaligusa kwa fimbo yake.

"Huu ni mgomba kweli?"

"Ni mgomba, shosho. Karibu uchague."

"Kumbe mgomba wa Nairobi unazaa peremende!" Akacheka hadi akashika kiti. Akachukua nyekundu, akaagiza mjukuu amchukulie nyeupe ya rafiki yake aliyebaki hemani. Wazee wengine walipoona shosho amerudi na kitu mkononi, wakainuka. Mshereheshaji alikuwa ameshatangaza meza hiyo mara mbili bila mzee hata mmoja kusogea. Gogo la mgomba liliwapa wazee kitu wanachokijua, na mtu huchukua kwa urahisi kutoka kwa kitu anachokijua.

Somo hilo nililipeleka Kileleshwa, kwenye sherehe ya kumsubiri mtoto. Familia ilikuwa ya Kikuyu, na kwa Wakikuyu mama aliyejifungua hupikiwa njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe mgongoni. Nilinunua njahi sokoni Kawangware, nikazijaza hadi mdomoni kwenye chupa za kioo za jamu zilizooshwa, na kuchomeka keki zilizopakwa chokoleti nyeupe. Njahi ni nzito, chupa haipinduki, na weusi wake na mstari mweupe vinalingana na keki bila hata utepe. Kuna kanuni mbili tu. Chupa iwe na mdomo mwembamba na ijazwe hadi juu, la sivyo vijiti vinalala ovyo. Na keki zisizidi 7 kwa chupa moja, la sivyo vichwa vinagongana na chokoleti inakwaruzika.

Akina mama walielewa mara moja bila maelezo. Mama mkwe alimimina kidogo kiganjani, akazichunguza kama zina wadudu, akaridhika. Sherehe ilipokwisha chupa zilikuwa tupu juu lakini bado nzuri, na njahi zote zilibaki nyumbani zikisubiri kazi yake halisi. Tangu siku hiyo mimi huuliza kila familia nyumbani kwao kuna nafaka au kunde gani ya furaha. Wapo wanaotaka ndengu, kijani yake inapendeza na chokoleti nyeusi. Kwenye ruracio moja, yaani sherehe ya mahari ya Wakikuyu, tuliweka chupa hizo ndani ya vyondo vya mkonge kutoka soko la Kariokor, kwa sababu siku ya ruracio vyondo viko mgongoni na mkononi mwa akina mama kila upande unaotazama. Keki za vijiti zilionekana zimekuja na wakwe.

Harusi kubwa zinahitaji stendi ya kudumu, na hapo ndipo nilipowajua mafundi. Kwa mbao nilienda Ngong Road, kwa wale wanaopanga vitanda na makochi kando ya barabara. Ubao wa unene wa sentimita 4 unatosha: unatobolewa matundu ya kina cha sentimita 3, katikati ya tundu moja hadi jingine sentimita 6. Kiduara kina kipenyo cha sentimita 4 hivi, kwa hiyo zinabaki sentimita 2 za kupitisha kidole. Wateja wengi huomba keki zibanane ili picha ipendeze. Zikibanana, mtu akichukua moja anagusa tatu, na hakuna anayetaka kula iliyoguswa.

Kwa chuma nilishuka Kamukunji, ukingoni mwa katikati ya jiji, kwenye zile kelele za nyundo ambako yanatengenezwa masanduku ya shule, majiko na karai za chipsi. Nilimchorea fundi kwenye karatasi ya kaki: ngazi tatu za duara, pana chini, nyembamba juu, bati lenye matundu. Aliitazama karatasi akikuna kidevu.

"Mama, hivi vitu vitasimama tu, ama watu watang'oa?"

"Watang'oa, fundi. Ndiyo kazi yenyewe."

"Basi tundu lisibane. Likibana, akivuta anavuta na stendi."

Akachukua keekee. Kijiti kilikuwa cha milimita 4, naye akatoboa milimita 5. Nikamwambia kitayumba, kwa kuwa bati ni jembamba. Hakunijibu. Alikata duara la pili la bati, akalitoboa matundu yaleyale, akaliunganisha chini ya la kwanza kwa miguu mifupi, nafasi ya vidole vitatu baina yao. Kijiti kikapita tundu la juu na kushikwa na la chini. Kilisimama wima, na ukikivuta kilitoka bila kelele. Fundi yule hakuwa amewahi kuona keki ya kijiti, lakini swali lake la kwanza lilihusu mkono wa anayekula. Nimekutana na wapambaji waliosomea kazi hii ambao hawajawahi kuliuliza.

Kuna sherehe nyingine ambazo stendi yoyote ni mzigo. Maofisi ya katikati ya jiji yanapenda kuagana na wafanyakazi wao saa ya chai: chumba cha mikutano ghorofa ya juu, muda wa nusu saa, na lifti ambayo huenda siku hiyo haina nia ya kupanda. Huko keki nazipanga kichwa chini. Kiduara kikishachovywa kinalazwa kwenye karatasi ya mafuta kijiti kikiwa juu, chokoleti inaganda ikiwa na kitako bapa, na keki inasimama yenyewe kwenye sinia. Aliyeshika kikombe mkono mmoja anaichukua kwa vidole viwili vya mkono wa pili. Safu zikinyooka, sinia inapendeza hata ikibaki na safu mbili, na badala ya kuchomeka moja moja mbele ya wakubwa, unabadilisha sinia nzima. Huu ndio mpangilio wa bei nafuu kuliko yote na wateja huudharau hadi wauone.

Kuhusu maua, Nairobi tuna bahati na pia mtego. Waridi za City Market, pale Muindi Mbingu Street, zinatamanisha na bei yake ni rahisi, na kila mpambaji hujaribiwa kuzichomeka katikati ya keki. Waridi za kuuza hupuliziwa dawa shambani, na petali zake hazikukusudiwa kugusana na chakula. Mimi huziweka kwenye chombo chao, umbali wa mkono mmoja. Kama lazima kitu cha kijani kiguse keki, natumia kinacholiwa: mnanaa, mchaichai, au matawi ya rosmari, ambayo nyumba nyingi za Lavington na Kilimani zimeyapanda uani na wenyewe hawaoni shida ukiyapunguza. Kitambaa cha meza hutoka Biashara Street. Nachagua kitenge chenye rangi mbili au tatu tu, kisha namwomba mwokaji azifuate, maana ni rahisi kulinganisha chokoleti na kitambaa kuliko kinyume chake. Rangi ya kutia kwenye chokoleti iwe ya mafuta. Tone moja la rangi ya maji kwenye chokoleti iliyoyeyuka huifanya igande madongemadonge, na hapo hakuna kurudi.

Hali ya hewa ya jiji hili nayo ina madai yake. Januari hadi Machi jua la alasiri linafikisha nyuzi 26 na zaidi, na chini ya hema jeupe lisilo na upenyo joto linapanda kupita hapo. Chokoleti nyingi tunayotumia hapa ni ile ya kuchovya iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea badala ya siagi ya kakao. Inavumilia zaidi, lakini nayo ina kikomo. Meza ya keki isiwekwe upande wa magharibi wa hema, maana jua la saa tisa na kumi litaingia moja kwa moja, na kwenye harusi za Nairobi saa hizo ndipo hotuba zinapoanza. Julai, mji ukiwa na baridi na mawingu, hofu ya kuyeyuka inaisha. Katika misimu ya mvua inakuja hofu ya jasho: keki ikitolewa kwenye friji na kuwekwa mara moja kwenye hewa yenye unyevu, matone yanatanda juu ya chokoleti, rangi inachuruzika. Dawa yake ni subira. Boksi linaachwa limefungwa hadi baridi iishe, jasho linatanda nje ya boksi, ndani keki zinabaki kavu.

Usafiri ni mtihani wa mwisho kabla ya meza. Keki zilipokuwa chache, shangazi alizisafirisha kwa matatu za njia namba 46, boksi mapajani, akimwomba dereva matuta ayaheshimu. Alichogundua naendelea kukitumia: trei mpya ya mayai. Ina vikombe 30, kila kikombe kinawekewa kikaratasi cha keki ndogo, kiduara kinakaa humo kijiti kikiangalia juu, na trei inaingia kwenye boksi la saizi yake. Hakuna keki inayosafiri imesimama kwenye stendi. Pia trei inakuhesabia. Kwa wageni 200 napanga keki 300, yaani trei 10, na mgawanyo wake naupanga kabla ya rangi. Trei 6 zinaanza mezani. Trei 2 zinafichwa chini ya meza, kwa ajili ya wale wanaofika baada ya picha, kwa sababu ndugu wa maharusi huwa bustanini wakipigwa picha wakati wageni wengine wanakula. Trei moja inapelekwa mapema kwa wapishi, madereva na walinzi wa geti, ambao kwa itifaki ya zamani hawakuwahi kuonja keki. Moja ya mwisho ni ya watu wasiokuwepo.

Hao wasiokuwepo walinichukua muda kuwaelewa. Niliona akina mama wakichukua keki moja, wakiila, wakirudi kwa ya pili na kuisokomeza mkobani wakitazama pembeni. Mpambaji mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa akiwakemea. Lakini nyumbani kuna mtoto aliyeachwa na dada wa kazi, na mtoto huyo ataulizia harusi ilikuwa na nini. Zamani kipande cha keki kilifungwa kwenye mfuko wa plastiki. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku nchini, tarehe 28 Agosti 2017, inabaki karatasi ya shashi, na chokoleti inagandana na funguo. Sasa karibu na lango la kutokea naweka kikapu cha mifuko midogo ya kaki, kila mmoja una keki moja ndani, na kibao kilichoandikwa "Ya nyumbani". Hakuna anayejificha tena. Cha kushangaza, wizi wa mezani ulipungua. Mtu akijua ya mtoto ipo, hachukui tatu kwa wasiwasi.

Watoto waliohudhuria nao wana haki ya meza yao. Stendi ya Kamukunji ina ngazi ya juu ambayo mtoto wa miaka mitano anaifikia kwa kupanda kiti, na mtoto aliyepanda kiti atashika kitambaa. Kwa hiyo naweka meza ya chini, urefu wa magoti ya mtu mzima, nje ya njia ya wahudumu, na keki zake zina vijiti vilivyokatwa vifupi, ncha butu, maana mtoto hukimbia huku anakula. Keki zenye njugu haziendi kwenye meza hiyo kabisa. Kwenye meza kubwa zina kibandiko kilichoandikwa kwa herufi za kusomeka bila miwani. Na wazee wasioweza kuinuka, kama hakuna gogo la mgomba la kuwaita, hupelekewa kwenye sahani, kijiti kimeondolewa, uma mdogo pembeni. Kumpa mzee wa miaka themanini peremende ya kulamba mbele ya wakwe ni kumtafutia lawama.

Katika haya yote keki kubwa bado ina nafasi yake. Wateja wengine huja wakitaka kuiondoa kabisa ili kupunguza gharama, nami huwashauri wabakize angalau ngazi moja na zile keki ndogo za wazazi. Mama aliyemlea bibi harusi anastahili kuitwa kwa jina, kusimama, na kupokea kitu kwa mikono miwili mbele ya watu. Meza ya kujichukulia haiwezi kumfanyia hivyo. Keki za vijiti zinachukua kazi ya zile trei za makombo, na kwa kazi hiyo zinafaa kuliko kisu.

Mteja anapokuja kwangu ameshika simu yenye picha za miti ya keki kutoka Marekani na Dubai, nazitazama zote, maana kuna mengi ya kujifunza. Kisha naiweka simu kando na kuuliza: nani hawezi kuinuka kitini? Watoto watakuwa wangapi? Ndugu watarudi kutoka kupigwa picha saa ngapi? Nani analinda geti? Majibu hayo yakipatikana, stendi inajichagua yenyewe, na mahali pa kuiweka pia. Rangi tunaizungumza mwisho, maana sijawahi kuona rangi iliyomnyima mtu keki.